Uzio Kwenye Malka

Mwaka niliorudi nyumbani kutoka chuoni, mto ulikuwa unakula ukingo wa shamba letu. Haukuula kwa kishindo. Kila asubuhi nilihesabu hatua kutoka kwenye pampu hadi pale udongo ulipokatika, na baada ya siku chache hatua moja ilikuwa haipo. Nilianza na hatua kumi na tisa. Zilipofika saba, nilianza kuhesabu na jioni pia.

Hiyo ndiyo tabia yangu, na afadhali niiseme mapema. Mtu mwingine akiona ukingo unabomoka anahamisha pampu. Mimi niliiona pampu imeshazama, nyanya zimekauka, baba amelala akitazama ukuta, wanawake wa kijijini wanarudi nyumbani mikono mitupu, na wote wanajua kwamba msichana mwenye shahada ya mambo ya mazingira alikuwa amesimama hapo hapo akihesabu hatua.

Shamba lenyewe ni dogo, ekari mbili na kidogo, kando ya Tana ukitoka Garissa kuelekea Balambala. Baba alilianza kabla sijazaliwa, baada ya ukame mmoja kummalizia ng'ombe. Tulikuwa na ndizi, mapapai, nyanya, mchicha, kunde, sukuma wiki, na mahindi tuliyoyapanda kwa ajili ya mabua zaidi kuliko kwa ajili ya punje. Mboga zetu hazikuwahi kufika soko la mjini. Bula, kile kijiji kilicho nyuma yetu barabarani, ndicho kilichozila. Wanawake walikuja wenyewe alfajiri na mabeseni, kila mmoja akachuma zake. Aliyekuwa na maziwa alileta maziwa, mwingine alipalilia nusu siku, na ambaye hakuwa na kitu alisalimia kwa sauti kubwa zaidi. Baba alikaa juu ya jerikeni na kikombe chake cha chai akiwachokoza.

"Taratibu, wewe! Huo ni mchicha, si ndevu za mume wako."

"Mume wangu angekuwa na ndevu nzuri hivi, ningekuja kwako kila siku kutafuta nini?"

Pembeni mwa shamba, kati yetu na jirani, kulikuwa na malka. Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni kunywa maji. Upana wake kwetu haupimwi kwa kamba: ngamia wawili waliobeba mizigo lazima waweze kupishana bila mizigo kugusana. Haikuandikwa mahali popote, na hakuna aliyewahi kuuliza kama imeandikwa. Wafugaji walishuka hapo wakati wa kiangazi, wengine kutoka mbali kabisa, hata upande wa Griftu mambo yakiwa mabaya. Baba aliwawekea mabua kando ya njia. Wanyama wakaacha samadi, nasi tukaizoa. Shamba letu halikuwahi kuonja mbolea ya dukani.

Kati ya wafugaji hao kulikuwa na mama mmoja mzee niliyemwita eedo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa na damu moja. Nilipozaliwa mama yangu hakuwa na maziwa, na mbuzi wa eedo ndiye aliyenikuza. Nilisimuliwa jambo hilo mbele ya wageni mara nyingi hadi nikalionea haya. "Huyu ni mwanambuzi wangu," angesema akinivuta sikio. "Amesoma mpaka vitabu vimeisha, na bado ananuka beberu." Wanawake wengi wa bula walikuwa ndugu zake, watu waliokaa barabarani baada ya mifugo yao kwisha. Yeye ndiye aliyekuwa bado na wanyama, na walimzungumzia kwa fahari, kama vile kwato zile zilikuwa zao wote.

Kisha baba akalazwa. Kilikuwa kidonda cha mguu, cha kisukari, ambacho alikuwa amekificha ndani ya soksi mpaka harufu ikamsaliti. Mama akaenda mjini kukaa naye hospitalini. Nilipowatembelea, baba hakuzungumzia mguu wake bali aliuliza habari za ukingo.

"Zimebaki hatua saba," nikamwambia.

"Aabo," akasema. Kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile ambalo mtoto humwita yeye. "Sogeza pampu. Usiifikirie. Isogeze tu."

"Niisogeze wapi?"

"Si wewe ndiye uliyesoma?"

Muuguzi akaingia na kunitoa nje, na swali langu likabaki hapo kitandani.

Nililifikiria kwa siku kumi. Nilichora ramani kwenye daftari. Upande wetu wote ukingo ulikuwa umesimama wima kama ukuta, bomba la kunyonya maji lingening'inia hewani. Mahali pekee palipoteremka polepole hadi majini palikuwa kwenye malka. Niliandika sababu za kukubali upande mmoja na za kukataa upande mwingine, nikageuza ukurasa, nikaandika upya.

Fundi wa pampu, mtu wa Mwingi aliyekaa Garissa miaka mingi, alinisikiliza akiwa amelala kifudifudi kando ya injini.

"Dada yangu," akasema mwishowe, "ukikutana na nyoka utamwambia angoje kwanza ufikirie?"

"Nataka kuwa na uhakika."

"Uhakika uko mbinguni. Hapa tuko na bomba. Tuliweke wapi?"

Nikamwonyesha. Akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Hapa si njia ya ng'ombe?"

"Hawapo. Wanasema juu malishoni kumenyesha, wameenda huko wote."

Na kweli hawakuwapo. Miezi mitatu hakuna kwato iliyokuwa imeshuka, hata nyasi zilikuwa zimeota katikati ya njia. Nilikuwa nimezihesabu wiki hizo pia. Fundi aliinua mabega, akabeba injini.

Pampu ilipokaa pale nikaogopa viboko wataikanyaga, au mbuzi wa bula watatafuna mpira wa bomba, kwa hiyo nikaizungushia uzio wa matawi ya mathenge, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia. Uzio ulianzia huku na kuishia kule, ukaziba njia nzima. Nilijiambia ni kwa muda. Sasa kulikuwa na ardhi tupu ndani ya uzio, ardhi iliyopokea samadi miaka yote hiyo, nyeusi, laini, na mto ulikuwa umetunyang'anya nyingine sawa na hiyo. Niliitazama siku nne. Siku ya tano nikapanda nyanya.

Mwanamke mmoja wa bula, yule wa ndevu za mume wake, aliona miche ile.

"Mifugo ikirudi?"

"Nitafungua."

"Utafungua," akarudia, akaendelea kuchuma mchicha wake.

Baba akiuliza kwenye simu, "Pampu?" nilijibu, "Imehama, inavuta maji vizuri." Akasema alhamdulillahi, na mimi nikasema alhamdulillahi. Hakukuwa na uongo katika maneno hayo. Nimeyarudia mara nyingi tangu wakati ule, neno kwa neno, na bado siupati.

Mvua ya juu ilikuwa uvumi, au ilinyesha mahali padogo ikaliwa na watu wengi. Nyanya zangu zilikuwa zinaanza kubadilika rangi siku eedo aliporudi. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nilikuwa nimechutama ndani ya uzio nikifunga mashina kwenye vijiti kwa vipande vya leso kuukuu, pampu ikinguruma nyuma yangu, nilipoona miguu kupitia matawi. Ng'ombe walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia, mbavu nje, na kundi la mbuzi, na ngamia mmoja. Mbele yao alisimama yeye, fimbo mkononi, akiutazama uzio.

Aliugusa kwa ncha ya fimbo.

"Nani amekufa hapa?" akauliza, maana kwetu kaburi ndilo huzungushiwa miiba.

Ningeinuka. Kila mtu ninayemsimulia anasema hivyo, ungeinuka tu. Lakini nilikuwa nimeanza kufikiria. Bomba lilikuwa limelala chini kukatiza njia, kwato zingelipasua. Nikimfungulia yeye, wanaomfuata nyuma nao wataingia, na nitawaambia nini. Je, nianze kwa kuomba msamaha au nianze kwa kufungua? Nikianza kufungua bila kusema neno ataona kiburi, na nikianza kusema wanyama watangoja na kiu. Nilikuwa natafuta sentensi ya kwanza.

"Assalamu alaykum, watu wa shamba," akasema.

Nilijibu. Nilijibu moyoni, midomo imefungwa, kwa sababu sentensi ilikuwa bado haijaja.

Mfugaji mwingine yeyote angevunja. Wanyama wakinusa maji hawazuiliki, na matawi makavu hayawezi kitu. Yeye hakuvunja, maana ulikuwa uzio wa nyumba yetu. Aliwapiga ng'ombe wa mbele puani kwa fimbo, akawageuza mmoja mmoja, huku wakilia, na akawaambia twendeni kama mtu anavyowaambia watu.

Nilipochukua panga na kukata njia katika miiba ile, sijui dakika ngapi zilikuwa zimepita. Nilifungua upana wa kutosha. Nikatoka hadi barabarani, nikaita. Kulikuwa na vumbi tu. Na hapo, badala ya kukimbia, nilirudi kwanza kuzima pampu, kwa kuogopa itachemka.

Malka inayofuata iko upande wa chini wa mto, mwendo wa saa moja kwa mnyama mwenye nguvu. Maji yalikuwa yamepungua huko na kuacha tope pana. Nilipofika, watu wa upande ule walikuwa wameshaingia na kamba. Ng'ombe walikuwa wameshuka mbio, kwa kiu, wakazama hadi tumboni. Ng'ombe aliyedhoofika hashindani na tope, analaza kichwa juu yake kama juu ya mto wa kulalia. Nilivuta kamba pamoja na wengine mpaka viganja vikachubuka. Tuliwatoa wawili. Wale wengine walilazwa kuelekea kibla na kuchinjwa pale pale, kabla hawajafa wenyewe, na nyama yao ilikuwa ya kijivujivu, haina mafuta.

Eedo alikuwa amekaa kwenye ukingo, nguo zimelowa tope mpaka kifuani.

"Umekuja, mwanambuzi," akasema.

"Eedo, nilikuwa nafungua. Wallahi nilikuwa nafungua."

"Nilikuona."

"Uliniona? Kwa nini hukuniita?"

"Nilitoa salamu," akasema.

Nilikaa karibu naye mpaka alasiri. Akaniazima hata kopo lake ninawe mikono.

Nilipanga kumwambia baba mwenyewe. Niliandika maneno kwenye simu, nikayafuta, nikayaandika kwa utaratibu mwingine. Habari zilimfika kabla sijamaliza. Mama alinisimulia baadaye jinsi alivyokaa kitandani, akaanza kutafuta kiatu cha mguu mmoja mzima, na muuguzi akamzuia mlangoni. Kiswahili cha baba ni kile cha watu wazima wa kwetu, waliojifunzia sokoni. "Sister," akamwambia, "hii mguu itabona bole bole. Ile maneno ya nyumbani haiwezi ngoja."

Alifika mchana. Hakunigombeza. Kwa kuwa hangeweza kusimama, aliketi chini kwenye malka na kuvuta matawi yaliyobaki ya uzio, moja baada ya jingine, akiyatupa pembeni. Miiba ilimchoma na hakuniruhusu nimsaidie.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Na pampu ingezama."

"Basi ingezama, aabo."

Na nyanya zangu akazing'oa pia. Fundi alikuja kuitoa pampu, hakunitania hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angenitania.

Kwetu ukimkosea mtu humpelekei samahani peke yake. Unapeleka haal, kitu cha kumwonyesha kwamba kosa umelibeba kwa mikono yako. Akikipokea, jambo limekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena. Baba alichagua mbuzi jike wawili, wale wazuri, wenye mimba. Tulikwenda bula, kwa mpwa wake eedo alikokuwa amefikia, baba akiwa juu ya mkokoteni wa punda na mimi nyuma nikiwavuta mbuzi. Tulikaribishwa vizuri. Chai ilikuja, yenye maziwa. Waliulizana habari za afya, za njia, za mguu, na wanawake wote ninaowajua tangu utotoni walikuwa wamekaa ukutani.

Baba alipolitaja tulilolijia, eedo alikuwa mwepesi kujibu.

"Kwako sina dai. Wewe ulikuwa umelazwa."

"Ni mtoto wangu. Kosa lake ni langu."

"Mtoto hana kosa. Mtoto alikuwa anafikiria."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na maneno matatu tu safari hii, nimefanya mazoezi njia nzima. Nikayasema. Nisamehe, eedo yangu. Sauti ilitoka vizuri. Alinitazama kwa upole, na huo upole ndio nisioweza kuusahau.

"Warudishe mbuzi," akamwambia baba. "Nitawanywesha wapi?"

Tulirudi nao. Mmoja alizaa wiki ile ile na mama alilia alipomwona yule mwanambuzi, wala hakunieleza kwa nini.

Kuanzia hapo hakuna aliyekuja kuchuma. Hawakutangaza kitu, hawakutusema barabarani, hawakukataa salamu. Baba alikaa juu ya jerikeni lake kila alfajiri, chai mkononi, uso kwa upande wa bula, mpaka jua likapanda. Siku ya tatu nilichuma mwenyewe nikajaza beseni, nikaenda nyumba kwa nyumba. Wa kwanza alisema, "Tunashukuru, tumeshapika." Ilikuwa saa moja asubuhi na jiko lake lilikuwa baridi. Wa pili alisema wamefunga. Haikuwa Ramadhani, wala Jumatatu, wala Alhamisi. Sikuenda kwa wa tatu.

Malka ilikuwa wazi tena na makundi mengine yalishuka kila siku, kimya, yakinywa na kuondoka. Hakuna aliyegusa mabua tuliyoweka kando. Ndani ya shamba mchicha ulirefuka ukatoa mbegu, mapapai yalianguka yakapasuka, sukuma ikawa ngumu kama turubai. Nilikuwa nimezoea kuogopa kwamba siku moja shamba halitakuwa na chakula. Sikuwahi hata mara moja kuogopa kwamba litakuwa na chakula na hakitaliwa. Nikitembea kati ya matuta nilikuwa nakosa pa kuweka macho.

Baba alichoka kabla yangu. Asubuhi moja, kundi kubwa likiwa linashuka, aliomba panga. Alijikongoja kwa fimbo hadi kwenye uzio wa shamba lenyewe, upande wa malka, akaanza kukata kamba zilizofunga nguzo. Uzio ukalala chini sehemu kubwa.

"Ingizeni," akawaambia wafugaji.

Walitazamana. Mmoja wao, kijana mwenye ndevu fupi, akasema, "Mzee, humo ndani mna mboga."

"Najua mna nini. Nilipanda mimi."

"Watamaliza."

"Ingizeni."

"Aabo," nikasema nikimshika mkono, "tunaweza kusubiri. Pengine wiki ijayo, pengine nikiongea na mmoja mmoja, pengine tukimtuma imamu."

"Kuna wenye njaa hapa," akasema. "Niache."

Mbuzi waliingia kwanza, kisha ng'ombe, na ngamia wakasimama kwenye mapapai wakishusha majani ya juu kwa midomo. Sauti ya kutafuna ilijaa shambani. Mama hakutoka ndani ya nyumba. Watu wa bula walikuja mmoja mmoja wakasimama barabarani, na kati yao nikamwona eedo, na baadaye nikawaona ng'ombe wake wawili, wale tuliowatoa kwa kamba, wakiwa kwenye mahindi. Sijui nani aliwaingiza. Yeye hakuvuka barabara. Baba hakuketi hata mara moja. Saa sita ilipofika migomba ilikuwa imetafunwa mpaka kwenye shina, na udongo wote ulikuwa na alama za kwato, kuanzia malka hadi kwa jirani wa upande wa pili, hadi usingejua shamba lilianzia wapi.

Jioni kitambaa cha mguu wa baba kilikuwa kimelowa. Kesho yake alirudi hospitalini, na safari hii madaktari hawakuzungumza na yeye bali na mama, pembeni. Bado yuko huko ninapoandika. Wanasema watakata hapa, kisha wanasema pengine juu zaidi.

Siku ya tano baada ya shamba kuliwa, mwanamke mmoja wa bula alikuja mlangoni kwetu. Nilikuwa peke yangu. Alikaa kwenye mkeka, akauliza hali ya baba, akamwombea dua. Kisha akasema eedo ameondoka na wanyama wake waliobaki, na kwamba kabla ya kuondoka aliwaambia jambo limekwisha, hana tena neno na nyumba yetu.

"Kwa hiyo mtapanda lini?" akauliza.

Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeomba mtu yeyote aje kuniuliza jambo kama hilo. Nikatazama nje. Mbegu hakuna, pampu imelala sebuleni chini ya gunia, mahali pa kuiweka hapapo, uzio hakuna, na mwenye shamba yuko wodini.

"Sijui," nikamwambia.

Akasema sasa wananunua kabichi za lori, zinafika zimelala siku nyingi njiani, na mtoto wake mdogo anazitema. Anataka mchicha. Anaulizia mchicha kila siku.

Nikamwambia tena kwamba sijui, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli. Alingoja kidogo, pengine akidhani bado nafikiria, kisha akainuka akavaa ndala zake.